Daktari Asiyepanda Miti

Watu wa chuo chetu walikuwa wakisema kwamba Daktari Eucabeth ana mbinu yake ya kufundisha, na walisema hivyo kwa kumsifu. Mimi niliyekuwa nikimbebea miche kutoka kitaluni nilijua kwamba haikuwa mbinu. Lilikuwa jambo la nyumbani kwake, na mwishowe ndilo lililomnyima uprofesa na mengine makubwa kuliko uprofesa. Bado nina hasira nalo, kwa hiyo nisamehewe nikipandisha sauti.

Naitwa Adeke, mtu wa Amukura. Ni fundi wa maabara na bustani ya mimea katika chuo kikuu cha umma kilicho nje kidogo ya mji wa Busia. Chuo chetu hakina majina makubwa ya utafiti. Kazi yetu ni kufundisha, na tunaowafundisha ni watoto wa wakulima na wachuuzi wa mpakani, vijana ambao ukiwaeleza habari za jani wanataka kwanza kujua linauzwa soko gani.

Eucabeth alizaliwa Port Victoria, kwa baba mvuvi. Alipokuwa msichana, gugumaji lilifunga ufuko mpaka mashua zikashindwa kutoka, na watu wakalala njaa huku samaki wako pale pale chini ya majani. Kila mtu alilitukana lile gugu. Yeye alilichuna, akapasua bua lake kwa wembe ili aone kitu gani kinalifanya lielee. Baba yake alimwambia kwamba kama ana nguvu za kucheza na adui, achukue panga aingie majini na wenzake. Aliingia, akalikata, na jioni akarudi nyumbani na bua jingine ndani ya rinda. Ndivyo alivyoanza elimu ya mimea. Shahada zake alizipata kwa kusukumana na maisha, mwaka huu darasani, mwaka unaofuata kibaruani, hadi akaitwa daktari akiwa na mvi mbili tatu mbele.

Katikati ya kusoma huko aliolewa na Ojiambo wa Matayos. Ojiambo alikuwa wakala wa kutoa mizigo forodhani Malaba. Kazi yake ilikuwa kutembea kando ya ule msururu wa malori, karatasi mkononi, akiongea Kiganda na huyu, Kiswahili na yule, na kwa maafisa akiongea lugha ya kubembeleza. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na mzaha mwingi. Akinikuta hunisalimia kwa Kiteso kibovu kabisa, halafu husubiri nimsifu.

Sasa nieleze lile jambo. Mwaka wa kwanza wa ndoa, Eucabeth alileta mche wa avokado kutoka kitalu cha chuo alikosomea, akachimba shimo nyuma ya jiko. Alipopiga magoti aupande, mama mkwe wake alitokea, akauchukua ule mche mkononi mwake bila neno, akampa shemeji mdogo aupande yeye. Eucabeth alibaki amepiga magoti mbele ya shimo. Usiku shangazi mmoja alimweleza: mwanamke hapandi mti. Mahindi, mtama, maharagwe, mihogo, hiyo apande mpaka mgongo ukatike. Lakini mti akiupanda mwanamke aliyeolewa, mumewe hufa. "Na usifikiri kwa sababu umesoma," shangazi akaongeza. "Mdharau mwiba mguu huota tende."

Eucabeth alitaka kukasirika. Ojiambo alicheka mpaka akakohoa, akasema ni vizuri, sasa amepata kazi ya pili. Tangu siku hiyo mke alichagua mti, akachimba shimo, akachanganya mbolea, kisha mume akarudi kutoka Malaba, akavua viatu na kuusimika mche. Boma lile likajaa. Miti ya matunda, miti ya kivuli, miti ya dawa, yote kaichagua mwanamke na kuipanda mwanamume, na wakati wa kupanda walikuwa wakitaniana kama wachumba. Nimelishuhudia mara nyingi. Lilikuwa jambo zuri kulitazama, sitaki kudanganya.

Ila mwiko haukai bomani peke yake. Humfuata mtu mpaka kazini. Alipokuja kufundisha kwetu, niliona kwamba katika somo la vitendo anafanya kila kitu isipokuwa kitu kimoja. Atachimba. Atachana mfuko wa nailoni, awaonyeshe wanafunzi jinsi mizizi ilivyojizungusha. Ataeleza kwa nini mche uliohamishwa hulegea siku za kwanza. Halafu wakati wa kuuingiza shimoni atamtafuta mwanafunzi aliye nyuma kabisa, yule anayechezea simu, amnyooshee mche na kumwambia, "Shika wewe." Kisha atapiga hatua moja nyuma.

Wanafunzi walimpenda kwa hilo. Kila mmoja alitoka chuoni akiwa na mti wake uwanjani. Siku moja msichana mmoja, Sharlyne, aliniambia, "Huyu madam ako tu sawa. Wengine wanatupea slides, yeye anatupea kitu mkononi." Nilicheka tu. Mimi nilikuwa nimekwisha kumwuliza Eucabeth, naye alikuwa amekwisha kuniambia, nasi Wateso tukiambiwa siri tunaijengea boma.

Nilimtania, ndiyo. Nilimwambia, "Nyinyi watu wa Matayos mnaogopa hata fimbo ikichipuka." Alicheka akasema, "Siamini hata kidogo, Adeke. Ni heshima tu kwa mama. Na si naona haidhuru mtu?" Wakati huo kweli haikumdhuru mtu.

Kisha figo za Ojiambo zikachoka. Yule mtu mkubwa akapungua mpaka shati likawa linamvaa yeye. Mara mbili kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu, na siku zilizobaki alilala akingojea kwenda tena. Madaktari walisema dawa yake ni kupandikizwa figo. Ndugu yake alikuwa tayari kutoa moja, akapimwa, ikaonekana inafaa. Kilichokosekana ni bima ya kubeba upasuaji wenyewe kule Eldoret. Eucabeth alikuwa mtu wa mkataba, na bima ya mkataba haimjui mume. Waliokuwa na bima ya familia ni walioajiriwa moja kwa moja.

Ndipo chuo kikatangaza nafasi. Profesa mshiriki wa biolojia ya mimea, ajira ya kudumu. Tangazo lilisema wazi kwamba chuo chetu ni cha kufundisha na anayetakiwa ni mwalimu hodari, hasa wa vitendo. Nililisoma nikaona limeshonwa kwa kipimo cha mwili wake. Hata wakuu wa idara walikuwa wakimwita "profesa" kwa utani kwenye korido. Mwombaji mwingine wa maana alikuwa kijana mmoja, Emojong, mtu wa kwetu Amukura kabisa, aliyerudi juzi kutoka masomoni. Na ingawa damu ni nzito kuliko maji, mimi nilimwombea Eucabeth.

Asubuhi ya usaili alipitia bustanini. Alivaa suti ya bluu aliyoazimwa na dada yake, na viatu vya chini kwa sababu aliambiwa kutakuwa na kazi ya nje.

"Ojiambo anaendelea aje?" nikamwuliza.

"Jana alishindwa kumaliza ile mashine. Presha ilishuka, wakamtoa mapema. Leo hajafungua macho vizuri." Alisugua mikono kama mtu wa baridi, na jua lilikuwa limeshawaka. "Nikipata hii kazi, Adeke, wiki ijayo nampeleka Eldoret. Niombee."

Nilimwambia kazi ni yake. Niliamini hivyo.

Mahojiano ya ndani yalikwenda vizuri, hata waliotoka kunywa chai walikuwa wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha jopo likahamia bustanini. Walikuwa watu watano, na mwenyekiti wao profesa mzee aliyealikwa kutoka chuo kingine. Mada ilikuwa kuhamisha mche kutoka kitaluni. Mche waliouchagua ulikuwa wa lusiola, ule mti ambao Wajaluo huuita siala, mti wa nguzo za nyumba. Mimi ndiye niliyeuleta, nikasimama pembeni na ndoo ya maji.

Ilikuwa likizo. Hakukuwa na mwanafunzi hata mmoja. Wa kunyooshewa mche hayupo, lakini nikajiambia labda mambo yatakwenda.

Alianza vizuri, kwa kweli alianza vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Alichimba akiwa ndani ya suti ya watu. Aliwafanya wale maprofesa wainame wanuse udongo. Alichana mfuko, akaushika mche kwa kitako cha mizizi, akawaeleza jinsi kuvu wa udongoni wanavyoishi na mizizi ile kama majirani wanaokopeshana chumvi. Mwenyekiti alitabasamu. Halafu Eucabeth, kwa mazoea ya miaka yote, akamnyooshea mwenyekiti ule mche na kusema, "Shika wewe, profesa."

Walicheka wote, kicheko kizuri tu.

"Hapana, daktari," mwenyekiti akasema. "Leo mikono tunayotaka kuona ni yako. Hapa tumechoka na maprofesa wa projekta. Panda tuone."

"Mimi hufundisha kwa kumpa mwanafunzi," akasema Eucabeth.

"Tumesikia, na ni vizuri sana. Lakini leo panda wewe."

Aligeuka akanitazama. "Adeke, kuja ushike."

Niliweka ndoo chini, nikapiga hatua. Mama mmoja wa ofisi ya waajiriwa akainua mkono. "Tekinishiani hayuko kwa intaviu," akasema. "Daktari, si upande tu tuendelee? Kuna shida?"

Eucabeth alisimama na mche mikononi, na udongo wa mizizi ukaanza kuponyoka kati ya vidole vyake, kidogo kidogo, ukianguka juu ya viatu. Mwenyekiti alingoja. Wote waliungoja mche uingie shimoni, kitu ambacho mtoto wa darasa la tatu angekifanya huku anaongea. Nilimwona akiinama. Nilisema moyoni, sasa. Akauweka mche kando ya shimo, juu ya nyasi, akasimama, akasema, "Nimemaliza. Asanteni."

Wakaandika. Emojong alikuja baada yake, akapanda mche wake kama mtu anayefunga kamba za viatu, akanawa mikono, akajibu maswali. Ni mwalimu mzuri, simsemi. Kazi wakampa yeye. Mwenyekiti alimwambia mkuu wa idara, nikisikia, kwamba yule mama ana maarifa mengi lakini hawezi kuajiriwa mwalimu wa vitendo anayeogopa kujichafua. Kujichafua. Mwanamke aliyechimba shimo mbele ya macho yao, aliyekua akikata gugumaji maji yamemfika kifuani.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya vioo amekaa juu ya magunia ya mbolea. Nilikuwa na hasira, na sikuificha.

"Si ungewaambia tu?"

"Niwaambie nini? Kwamba daktari wa mimea anaogopa mti?"

"Wewe mwenyewe uliniambia huamini."

"Siamini." Alikuwa akilia bila sauti. "Hata sasa siamini. Lakini nilimwacha amelala vile, Adeke. Ukiwa na mtu wako amelala vile, unaogopa hata vitu ambavyo huamini. Nikaona nikiupanda, na jioni nirudi nimpate ameenda, nitakaa na hiyo kitu maisha yangu yote. Mikono ikakataa."

Mficha uchi hazai, ndivyo wanavyosema, na nilitaka kumwambia. Lakini angewezaje kuufunua mbele ya watu wale? Nilikaa naye juu ya magunia mpaka suti ikaharibika kabisa.

Nyumbani alimwambia Ojiambo kwamba hawakumpenda, basi. Mzee yule hakuridhika. Nilipokwenda kumwona hospitalini alingoja mkewe atoke kutafuta uji, kisha akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa mwepesi sana.

"Adeke, wewe ulikuwa pale. Kulienda aje?"

Nikamwambia. Wengine watasema mgonjwa haambiwi mambo kama hayo. Mimi nilimwona ni mume, na ana haki.

Alicheka kwanza, kwa mazoea. Kisha uso ukakunjamana, machozi yakashuka mpaka masikioni, maana alikuwa amelala chali. "Hii miaka yote mimi nampandia miti, nikidhani tunacheza," akasema. "Nikidhani ni mchezo wetu sisi wawili. Kumbe alikuwa anabeba." Alipumzika. "Angepanda. Kama ni kufa, ningekufa tu, lakini bibi yangu akiwa profesa. Sasa nikienda atakuwa amekosa yote."

Eucabeth alirudi na uji, akamkuta amefuta machozi kwa shuka. Walitazamana, akajua kwamba ameambiwa. Hakunigombeza. Alimlisha ule uji kijiko kwa kijiko.

Ojiambo alikufa kabla mvua za vuli hazijaisha. Sitasema kwamba Eldoret ingemponya, mimi si daktari wa watu. Ninajua tu kwamba ndugu yake alikuwa tayari na figo ilikuwa inafaa, na hilo likinijia nikiwa peke yangu kitaluni huwa naacha kazi kwanza.

Tulimzika Matayos. Madereva wa malori walikuja kutoka Malaba, wengine mizigo yao wakaiacha barabarani. Niliposikia watu wakisifu kivuli cha boma lile, jinsi marehemu alivyopenda miti, nilimtazama mjane. Alikuwa amekaa ardhini, macho makavu, kama mtu anayesikiliza habari za nyumba nyingine.

Wageni walipopungua nilibaki siku chache kumsaidia. Alasiri moja tulikuwa sisi watatu nyuma ya jiko, tukisugua masufuria ya matanga kwa majivu: Eucabeth, mimi, na mama yake Ojiambo, kikongwe mwembamba ambaye katika msiba wote hakusema zaidi ya maneno kumi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda. Akasugua, akasugua, kisha akasema bila kuinua kichwa:

"Mwanangu, nasikia watu wakisema ulikosa kazi sababu ya mti."

Eucabeth aliacha kusugua. "Ndiyo, mama."

"Mti gani?"

"Lusiola."

"Walitaka uupande wapi?"

"Kwa chuo. Kwa bustani ya chuo."

Kikongwe akaliweka sufuria chini. "Chuo ni boma ya nani?"

"Ni ya serikali, mama."

"Sasa nani alikukataza?" Alimtazama mkwe wake kwa mshangao wa kweli, hakukuwa na ukali wowote. "Ukipanda mti hapa bomani, unasema shamba ni lako na mwenyewe hayuko, ni kama mume ameshakufa. Ndiyo maana wazee walitukataza. Ni maneno ya shamba hiyo. Huko nje panda. Mimi ile miti yote kwa uwanja wa kanisa tulipanda sisi akina mama, na mzee wangu alikuwa hai, akaishi akazeeka mpaka akachoka kuishi."

Eucabeth aliitazama mikono yake. Majivu yalikuwa yamemfika viwikoni. Tangu Ojiambo afe sikuwa nimemwona akilia, wala hospitalini, wala kaburini. Sasa mabega yalianza kutikisika, na sauti iliyomtoka nilidhani ni ya mtu mwingine.

"Sikukuuliza, mama," akasema.

Kikongwe alijikokota kutoka kwenye kigoda, akaketi chini kando yake, na mikono yake michafu ile ile akamshika kichwa akakilaza mapajani.

"Hukuniuliza," akasema. "Na mimi siku ile nilichukua mche kwa mkono yako, sikukuambia."